Kinyozi na Wezi wa Saa

Mwaka ule, Orval Stensrud akitaka kumwona mkewe, alimtazama sikio. Macho yake yalikuwa yameharibika katikati. Kila alichokikazia kilimezwa na doa la kijivu, na kilichosalia kilikuwa cha pembeni tu. Akimtazama Verla usoni, Verla hakuwa na uso. Akilitazama sikio lake la kulia, lile lenye hereni ya lulu, uso ulijitokeza kwa upande pamoja na tabasamu lake. Basi mzee wa watu akawa anaongea na hereni asubuhi hadi jioni, na Verla akazoea. Mara moja tu, wakiosha vyombo, alisema, "Nayakumbuka macho yako yakinitazama, Orval," kisha akaendelea kusuuza vikombe.

Siri hiyo waliijua watatu: Orval, Verla na daktari. Wanachama wa klabu ya boti hawakuambiwa neno, na Orval alikuwa na sababu yake. Alikuwa kinyozi. Maisha yake yote ya kazi aliyamaliza nyuma ya kiti kimoja mjini Renton, akinyoa mafundi wa kiwanda cha ndege, mapolisi, wachungaji na walevi, na pale alijifunza jambo moja: mtu akianza kuhurumiwa, watu huacha kumtania, na asiyetaniwa amekwisha kuzikwa nusu.

"Wakijua, watanipisha," alimwambia Verla. "Mimi sitaki kupishwa. Siku wakinipisha, nitaitupa rimoti bwawani, na mimi mwenyewe nyuma yake."

"Utazama wapi? Maji yenyewe pale yanakufika magotini."

"Basi nitapiga magoti."

Klabu yenyewe ni ya watu wazima wanaochezea boti, na anayetaka kucheka acheke sasa amalize. Kila boti ni nakala ya boti ya mbio ya zamani, zile za mbao zilizofungwa injini za ndege za kivita baada ya vita kwisha, zikawa zinaruka juu ya Ziwa Washington na kuacha nyuma mkia wa maji mrefu kuliko nyumba. Enzi za utoto wa Orval hakukuwa na mtoto mtaani ambaye hakuchonga boti ya ubao, akaifunga nyuma ya baiskeli na kuiburuta barabarani mpaka ikaisha pua. Wengi walikua wakaacha. Hawa wa klabu walikua, wakakataa kuacha. Nakala zao zina urefu wa hatua moja na kitu, rangi ileile, namba ileile, injini ndogo inayopiga kelele za nyuki elfu, na zinaendeshwa kwa rimoti kutoka kwenye gati la mbao kando ya bwawa la Kent.

Ya Orval iliitwa Miss Enumclaw, ya njano yenye mstari mweusi ubavuni. Aliijenga kwa mikono yake chini ya nyumba, majira mawili ya baridi, wakati macho yangali macho. Akiwa kijana alikuwa ameiona Miss Enumclaw yenyewe, ile kubwa, ikishindwa mbio baada ya mbio kwa ujasiri mkubwa, akaipenda kwa hilo.

Utauliza, mtu asiyeona mbele anaendeshaje boti? Desturi ya klabu ilimsitiri. Kila dereva husimama na mtu wake wa kumwelekeza, kwa sababu macho ya mtu mmoja hayatoshi kufuata boti sita. Mwelekezaji wa Orval alikuwa Verla tangu zamani, kwa hiyo hakuna aliyeshangaa kumwona nyuma ya mumewe, mdomo karibu na sikio, mkono begani. Wasichojua ni kwamba mkono ule sasa ulikuwa na kazi. Verla akiminya bega la kushoto, Orval alikata kona, akiachia, alinyoosha. Mengine aliyamaliza kwa masikio, maana injini inayokujia haina sauti moja na injini inayokukimbia. Na akiyakazia macho machaka ya beri ng'ambo ya bwawa, pembeni mwa jicho aliona cheche za rangi zikipita majini.

Mwezi wa Julai, kwa mtindo huohuo, alimshinda Rey Dacanay. Na Rey si mtu wa kushindwa hovyo. Alikuwa fundi umeme wa bandarini aliyestaafu, rafiki wa Orval tangu alipokaa kwenye kile kiti cha kunyolewa akiwa na nywele nyeusi tele, na boti yake nyekundu, Miss Tukwila, ilikuwa ikitwaa kombe la mwisho wa msimu kama vile kombe limepanga chumba kwake. Siku ile ya Julai Orval alimpita kwenye kona ya mbali, akarudi nyumbani akiimba, akaimba mpaka Verla akamwomba anyamaze majirani walale.

Lakini Agosti Miss Enumclaw ililivaa boya katikati ya maji matupu. Orval aliwaambia watu kwamba waya wa usukani ulilegea. Njia ya mwongo ni fupi. Alijua hatafika nayo mbali. Usiku wake alikiri kwa ile hereni kwamba doa limekua, kwamba hata pembeni sasa panaanza kuingia ukungu, na kwamba fainali ya Septemba itakuwa ya mwisho kwake.

"Sitatangaza," alisema. "Sitaki keki wala hotuba. Nataka mbio moja ya haki, wakaze kweli nami nikaze kweli. Halafu basi."

Verla alimshika mkono, akaushika muda mrefu.

Jumapili ya fainali kulikucha kweupe. "Mlima umetoka leo," Rey alisema walipokutana kwenye maegesho, kama watu wa kule wanavyosema Mlima Rainier unapovua mawingu yake.

"Nimeuona," alisema Orval, ambaye hakuwa ameuona.

Alingoja kutaniwa. Kwa kawaida Rey angemwuliza kama boti yake imekuja na kitanda cha hospitali. Badala yake Rey alimpa sahani ya lumpia, zile sambusa nyembamba ndefu za mkewe, tena zilizochaguliwa, zisizovunjika hata moja. Duane Kolbeck, mwenyekiti wa klabu, mtu ambaye hakuwahi kumpa mtu kitu ila karipio, alimletea kahawa mpaka mkononi.

Orval akaamua kuwachokoza. "Duane, hiyo injini yako inanuka kama kikaango cha jana."

"Kweli, Kinyozi," alisema Duane kwa upole. "Nitaiangalia."

Kweli? Tangu lini Duane anakubali? Orval alikunywa kahawa kwa mashaka. Alimgeukia Verla, akaitafuta hereni. "Hawa wana nini leo?"

"Wamelala vizuri," alisema Verla, akainama kuifuta Miss Enumclaw ambayo ilikuwa safi tayari.

Sasa, boti hizi hazianzi zikiwa zimesimama. Saa inapoanza kuhesabu, zote tayari zinazunguka bwawa zikigombea nafasi, na ustadi wote ni kuuvuka mstari kwa kasi kamili wakati uleule saa inapofika sifuri. Ukichelewa, unakula maji yanayorushwa na wenzako. Ukitangulia hata kwa pua, umeiba saa, na mbio zako hazihesabiwi. Pale bwawani hakuna tusi linalouma kuliko "mwizi wa saa". Afadhali uitwe mwizi wa kuku.

Na kama kuna kitu ambacho doa la kijivu halikumnyang'anya Orval, ni saa. Kwake mwanzo wa mbio ulikuwa kama kunyoa shingo kwa wembe: unajua tu. Verla aliitua boti majini, injini ikalia, na madereva sita wakajipanga juu ya gati. Kwenye meza ya hakimu alikaa Arlene, mke wa Duane, na kipaza sauti chake. Sauti ya saa ikaanza kuhesabu.

"Uko nyuma yao kidogo," Verla alimnong'oneza. "Nyoosha. Mstari uko mbele."

"Tatu," ikasema saa. Orval akafungua mafuta yote. "Mbili." Alisikia injini tano upande wake wa ndani zikinguruma, zikampita, zikauvuka mstari. "Moja." Zilikuwa zimekwisha kuvuka. "Sifuri." Miss Enumclaw ikauvuka mstari peke yake, sawasawa.

"Wezi wa saa!" Arlene alitangaza, na sauti yake ilikuwa na kitu fulani, kama mtoto anayekariri shairi la shule. "Boti tano zimevuka kabla. Miss Enumclaw pekee ndiyo halali. Akimaliza raundi zake, kombe ni lake."

Watu waliokaa kwenye viti vya kukunja wakapiga makofi. Verla akaminya bega, na Orval akakata kona ya kwanza kwa mazoea tu, mwili ukifanya kazi na akili ikiwa kwingine. Nyuma yake injini tano zilikuwa zimepoa. Zilikuwa zikimfuata polepole, kwa adabu, kama magari ya msibani.

Mtu mmoja akiiba saa, ameponzwa na pupa. Wawili, ni bahati mbaya. Lakini watano, na Rey Dacanay miongoni mwao?

Katikati ya bwawa, kwenye maji yaliyonyooka, Orval alitoa kidole kwenye kitufe cha mafuta. Miss Enumclaw ikashusha pua, ikakaa majini kama bata, injini ikakohoa na kuzima.

"Orval?" Verla alisema.

"Miss Enumclaw, una tatizo?" Arlene aliuliza kwenye kipaza sauti.

"Haina tatizo!" Orval alipaza sauti. "Imesimamishwa!"

Makofi yakakatika. Moja baada ya nyingine boti za wengine zikarudi gatini, injini zikazimwa, na bwawa likawa kimya isipokuwa mabata bukini waliokuwa wakigombana kwenye nyasi.

"Rey," Orval alisema, akilielekeza neno mahali alipojua Rey amesimama. "Mara ya mwisho uliiba saa lini?"

Rey alijikohoza. "Leo."

"Kabla ya leo."

"Sikumbuki, Kinyozi."

"Mimi nakumbuka. Ulikuwa bado una nywele."

Hakucheka mtu, na hilo ndilo lililomkata maini. "Watano mkiiba saa pamoja, hiyo si bahati mbaya, huo ni mkutano. Mkutano ulikuwa wapi?"

"Kwangu," alisema Duane kwa sauti ndogo. "Jumanne. Arlene alipika pai."

"Ya nini?"

"Ya matufaha."

"Nauliza mkutano, Duane! Mkutano wa nini!"

Duane akatazama viatu vyake. Ndipo mkono uliokuwa begani mwa Orval ukaondoka.

"Ni mimi," alisema Verla. "Nimewaambia mimi. Kuhusu macho."

Orval alikuwa amemwoa mwanamke huyu akiwa na miaka ishirini na mitatu, na katika miaka yote hiyo Verla hakuwahi kumwaga mchele wake penye kuku wengi. Hata alipofilisika mara ya kwanza. Hata alipolia kwenye mazishi ya mbwa.

"Niliwaomba wasikuache uaibike," Verla aliendelea. "Lile boya la Agosti, Orval. Watu walicheka kimyakimya. Wewe hukuwaona, mimi niliwaona. Sikutaka siku yako ya mwisho iwe vile. Nilisema tu, muwe naye taratibu. Hayo ya kuiba saa ni akili zao wenyewe."

"Ni akili ya Duane," alisema Rey.

"Wewe ulisema ni nzuri!" alisema Duane.

"Nilikuwa na pai mdomoni!"

Orval aliinua mkono, wakanyamaza. Hasira ilikuwapo, ndiyo, lakini chini yake kulikuwa na kitu kibaya zaidi, na alikiuliza kwa woga, kama mtu anayemwuliza daktari.

"Na ile ya Julai?"

"Ipi ya Julai?" alisema Rey.

"Nilipokupita kona ya mbali. Mlikuwa mnajua? Sema kweli, Rey. Nayo ile mlinipa?"

Hapo kila kitu kilining'inia. Ikiwa walimpa na ya Julai, basi hakuwa amebaki na chochote. Msimu wote ungekuwa sadaka, na yeye kipofu aliyekuwa akiimba nyumbani mbele ya mke aliyemwonea huruma.

Rey akaja akasimama mbele yake, karibu mpaka Orval akasikia harufu ya mafuta ya injini na vitunguu saumu. "Sikiliza, Kinyozi. Mkeo katuambia Jumanne hii iliyopita. Kabla ya hapo sikujua lolote. Julai ulinipita mimi nimekaza mpaka meno yananiuma, nikakutukana kwa Kiingereza, nikakutukana kwa Kitagalogi cha kwetu Ufilipino, nikarudi nyumbani nikakikataa chakula cha mke wangu. Wiki nzima sikulala. Naapa kwa kaburi la mama yangu. Na sasa naambiwa alinishinda mtu asiyeona! Unadhani nimefurahi?"

Kilichomtoka Orval kilikuwa kicheko, lakini kilitoka na machozi pamoja. Alijifuta kwa mkono wa shati. Kumbe Julai ilikuwa yake. Hakuna mtu aliyempa, aliichukua mwenyewe.

"Asante," alisema. "Asante, Rey. Hilo tu ningeweza kwenda nalo nyumbani."

Kisha akajikaza, kwa kuwa bado kulikuwa na neno. "Lakini nimekuja hapa kutafuta mbio. Nimewanyoa ninyi nyote. Kuna niliyewahi kumwacha na nywele upande mmoja kwa huruma? Duane, ulipoanza kuota kipara nilikuficha?"

"Uliwatangazia watu wote pale kinyozini," alisema Duane kwa uchungu ambao haukuwa umepoa.

"Kwa sababu nakuheshimu! Wahenga walisema asiyekubali kushindwa si mshindani. Ninyi mmeninyima hata kushindwa. Arlene! Sheria inasemaje fainali ikikosa mshindi?"

"Hurudiwa siku hiyohiyo," Arlene alijibu kwenye kipaza sauti, na safari hii sauti yake ilikuwa yake mwenyewe.

Hapo hakuna aliyewasha injini, na Orval alielewa kwa nini. Kumpisha kulikuwa rahisi, hakukuwagharimu kitu. Kushindana naye kweli lilikuwa jambo jingine. Boti yenye dereva asiyeona, kwa kasi ile, ikiingia ubavuni mwa nyingine, inavunja majira mawili ya baridi kwa sekunde moja. Boti ya Duane aliijenga na baba yake, na baba alishakufa. Miss Tukwila ilikuwa na dereva mdogo aliyechongwa na marehemu kaka yake Rey. Vitu hivyo havinunuliki.

"Siwezi kuwalazimisha," Orval alisema. "Nikikugonga, siwezi kukujengea nyingine. Hata msumari siuoni tena."

Akasikia injini ya Miss Tukwila ikiwashwa.

"Boti ni mbao na gundi," Rey alipiga kelele juu ya mlio. "Tukigongana, tumegongana! Ila Kinyozi, leo nitakunywesha bwawa lote!"

Injini ya pili ikawaka, halafu ya tatu. Ya Duane ilikuwa ya mwisho, ikinuka kama kikaango cha jana. Hakuhitajika kutumwa kijana. Arlene mwenyewe aliingia kwenye mtumbwi, akapiga kasia akaenda kuirudisha Miss Enumclaw gatini, akiwa amevaa skafu yake ya hakimu.

Orval alimgeukia mkewe. "Verla. Nipe ukweli leo. Mbaya au mzuri, nipe kama ulivyo. Utaweza?"

Verla alivuta pumzi. "Nitaweza," alisema, na mkono ukarudi begani.

Saa ikahesabu. Safari hii hapakuwa na adabu. Boti sita zilizunguka zikikatana njia, watu wakitupiana maneno juu ya gati, na Orval akahisi kwamba amerudi duniani. "Ndani kuna nafasi," Verla alisema. "Ndogo. Ukitaka, sasa." Akaitaka. Tatu, mbili, moja. Akauvuka mstari pua kwa pua na sifuri, na injini zote tano zilikuwa nyuma yake, zikilia kwa hasira halisi.

Raundi ya kwanza alikuwa mbele. Ya pili pia. Kwenye kona ya mbali bega liliminywa, akakata, na kukasikika mgongano mkavu wa mbao.

"Umemgusa Duane," alisema Verla. "Ubavuni. Bado anakwenda. Nawe unakwenda."

"Rangi yangu!" Duane alinguruma. "Kinyozi, we vipi? Umepofuka?"

Duane alijiziba mdomo kwa mkono wa rimoti, boti yake ikayumba.

"Ndiyo!" Orval alipiga kelele. "Wewe una udhuru gani?"

Kicheko kilichozuka kiliwashtua hata mabata bukini. Rey alikuwa akicheka na kukata kona kwa pamoja, na Orval alihisi uzito wa mwaka mzima ukimtoka kifuani. Ametaniwa! Hakuwa amezikwa.

Raundi ya mwisho. Alimsikia Rey kabla Verla hajasema. Mlio ule aliujua, mwembamba, unaopanda. "Rey yuko nje yako," alisema Verla. "Anakuja. Anakuja, Orval. Yuko sawa na wewe." Bega likaminywa, kona ya mwisho. Orval alifungua mafuta mpaka mwisho, akaibana Miss Enumclaw ndani, karibu na maboya, mahali ambapo mwenye macho yake angeogopa. Kwa muda mfupi boti mbili zililia sauti moja. Halafu ule mlio mwembamba ukasogea mbele kidogo, na kidogo tena.

Mkono begani ulisita. Alijua Verla anataka kumdanganya. Angeweza kusema bado mko sawa, ampe angalau sekunde mbili zaidi za matumaini.

"Amekupita," alisema Verla. "Kwa nusu boti. Sasa anakumwagia."

Mkia wa maji wa Miss Tukwila ukaiangukia Miss Enumclaw wote mzima. Orval aliisikia injini yake ikikabwa, ikipaliwa, ikikataa kufa. Ilivuka mstari ikikohoa, ya pili, na Duane mkiani mwake akitukana.

Mshindi wa fainali hutupwa majini. Hiyo ni desturi tangu enzi za boti kubwa. Walimbeba Rey, na Orval alidai mguu wa kushoto, akapewa. Rey alipiga mayowe kwamba ana simu mfukoni, na wakamtupa hivyohivyo. Aliibuka ana matope mpaka kwenye nyusi, maji yakimfika magotini, akashika ukingo wa gati na kumtazama mzee aliyepiga magoti juu yake akitafuta mkono wa kumvuta.

"Umekula maji, Kinyozi," Rey alisema akihema. "Umeyala yote."

"Yote," alisema Orval. Aliupata mkono ule, akaushika kwa mikono yake miwili na asiuvute kwanza. "Asante kwa kunishinda, Rey."

Rey alibaki pale majini, akiushika mkono wa mzee, na ikabidi Duane aje kuwavuta wote wawili.

Baadaye, watu walipokuwa wakikunja viti na kugawana lumpia zilizobaki, sasa zile zilizovunjika, Orval alimwendea kila mmoja wa wale watano, akamshukuru kwa jina kwa kuiweka boti yake hatarini. Kwa Duane aliongeza kwamba ile rangi aliyokwangua ilikuwa mbaya tangu mwanzo. Duane alimjibu kwamba hata kinyozi kipofu angeipaka vizuri kuliko alivyomnyoa siku ya harusi yake. Wakakumbatiana.

Verla alikuwa kwenye gari, ameshika usukani, hajawasha. Orval aliingia, akafunga mlango. Miss Enumclaw ililala kiti cha nyuma ikidondosha maji ya bwawa kwenye blanketi.

"Umenikasirikia?" aliuliza Verla.

"Nilikukasirikia. Halafu ukasema 'amekupita'." Alijifunga mkanda. "Najua ilivyokuuma kulitamka. Sijawahi kupewa neno zuri kuliko lile, Verla."

Orval alimgeukia. Hereni ilikuwa pale, ikiwaka kwa jua, na kando yake uso aliouzoea, ukimngoja kwa upande. Safari hii hakuitazama hereni. Aliyapeleka macho yake pale yalipopaswa kuwa macho ya mkewe, katikati kabisa ya lile doa la kijivu, mahali ambapo hakuona chochote, akayatuliza hapo bila kuyaondoa, ili angalau Verla amwone anavyomtazama.